Prosesere inakimbia, memwari inachoka: namna kosa la mbio lilitaka kula miaka minane ya mjane



Mara nyingi mu ukurasa huu tunaongea juu ya mishahara, masaa ya kazi, viatu na kofia. Leo tunaongea juu ya ordinatere. Msishangae. Mu nyumba zetu mingi sasa kuko kijana mmoja anaomba feza: leo anataka bareti ya memwari, kesho ventilatere, kesho kutwa prosesere ingine. Mzazi anatoa feza ya mshahara bila kujua inaenda wapi. Tena sisi wenyewe wa sindika tulipata somo mu biro yetu, na somo lile lilitaka kumgharimu mama mmoja haki yake. Tunalieleza hapa kusudi wengine wasipite mu njia ileile.

Yale yalitupata

Mu biro yetu kuko ordinatere moja ya okazyo, ya wale wanaoleta vitu vya Ulaya mu makontena. Tuliinunua na michango ya wanachama. Ndani yake iko prosesere ya Intel inaitwa Core 2 Quad Q6600, ile ilitoka mwaka 2007, na bareti mbili za memwari za namna ya DDR2-800, kila moja giga moja. Ni mashini ya zamani, lakini kwa kazi yetu inatosha. Mu hiyo mashini tunaweka majina ya wanachama, miaka yao ya kazi, na dosye za wale wanaongojea dekonti.

Mtoto wa delege wetu mmoja anasoma informatike. Siku moja alituona tunangoja liste ifunguke, akacheka kidogo, akasema:

– Papa delege, hii mashini iko na nguvu ingine ndani, inalala tu. Mniache niiamshe.

– Haitaharibika, mwana?

– Hapana, Papa. Vijana wengi wanafanya vile. Na hata franka moja haitatoka.

Feza haitatoka: sisi watu wa mine, neno lile linatuingia mu masikio upesi. Tukamwachia. Aliingia mu BIOS, ile ukurasa ya bluu inayokuja mbele ya Windows, akabadilisha namba moja tu: pahali palipoandikwa 266 aliweka 300. Akawasha tena. Mashini ikafunguka vizuri. Prosesere iliyokuwa ya gigahezi 2,4 ilionyesha 2,7. Tulimpongeza, tukamnunulia sukari ya baridi.

Siku tatu zikapita vizuri. Siku ya ine, ekra ikageuka bluu katikati ya kazi. Tukazima, tukawasha, ikaendelea. Kiisha programu ya kuandikia ikaanza kujifunga yenyewe. Tulisema ni virusi, tukatafuta virusi, hakuna. Wengine walisema prosesere inaungua, tukagusa, haikuwa na moto wa kuogopesha.

Mu juma lile njo mama mmoja alifika, mjane wa mwenzetu. Alikuja kuhakikisha dosye ya mume wake mbele ya kuipeleka. Tulimfungulia liste, tukamsomea. Alinyamaza, kiisha akasema pole pole:

– Baba, mume wangu alifanya miaka kumi na tisa. Hapo mmesoma kumi na moja. Ile minane iko wapi?

Alifungua kitenge chake, akatoa karti ya kazi ya marehemu, imekunjwa mara ine, imekuwa laini sawa kitambaa. Kumi na tisa, wazi kabisa. Sisi wenyewe tulikuwa tumeandika kumi na tisa mu kitabu chetu cha karatasi. Ordinatere peke yake njo ilisema kumi na moja.

Mnajua wenyewe: dekonti inahesabiwa kwa miaka ya kazi. Kama mama yule hangekuja na karti yake, tungepeleka barua yenye muhuri wa sindika, yenye kumnyima miaka minane. Na kule ingefika, nani angebisha? Wangesema: sindika yenu wenyewe imeandika.

Tisa inageukaje moja?

Kijana alikuja, uso chini. Hatukumpiga kelele. Tulimwambia: hapa umefungua, hapa utafunga, utueleze mpaka tuelewe. Na yeye, bila kujificha, alitafuta mpaka akapata. Yafuatayo ni yale alitueleza, na yale sisi tulihakikisha pamoja naye.

Ordinatere haijui tisa wala moja. Inajua tu kuko umeme na hakuna umeme, moja na sufuri. Mu liste ya maandishi ya kawaida, alama ya «9» inawekwa hivi: 00111001. Alama ya «1» inawekwa hivi: 00110001. Angalieni vizuri. Tofauti ni pahali pamoja tu. Kama memwari inasahau sufuri ama moja ya pahali pale pamoja, tisa inakuwa moja. Hakuna kengele inayolia. Unafungua liste, unaongeza jina la mwanachama mupya, unahifadhi, na kosa linaandikwa ku disko pamoja na jina lile. Kesho yake kosa linaonekana sawa kweli.

Kuko programu moja ya bure, Memtest86+. Inatoka ku kle USB mbele ya Windows kuamka, na kazi yake ni kuandika na kusoma memwari yote mara na mara, kuona kama inarudisha yale iliyopewa. Tuliiacha ifanye kazi usiku mzima. Asubuhi tukakuta mistari myekundu. Prosesere haikuwa na kosa. Bareti za memwari zenyewe hazikuharibika. Kosa lilikuwa la mbio: tuliendesha memwari kupita mbio iliyoandikwa juu yake, na hatukujua kama tunaiendesha.

Konkasere na konvoyere

Kwa wale wa mine, jambo hili ni rahisi kuelewa. Fikirini konkasere, ile mashini ya kuvunja mawe. Iyo njo prosesere. Mawe yanatoka mu stoki kubwa kule mbali: iyo njo memwari. Yanapita juu ya konvoyere: iyo njo bus, njia ya kati ya prosesere na memwari. Tena karibu kabisa na mdomo wa konkasere kuko stoki ndogo, ya mawe yale yatavunjwa sasa hivi: iyo njo kash. Ile Q6600 iko na mega 8 za kash. Memwari yetu ilikuwa giga 2. Mnaona tofauti ya stoki kubwa na ndogo.

Konkasere inaweza kuwa na nguvu ya kutisha. Kama konvoyere haileti mawe, inazunguka bure. Kila mutu aliyefanya kazi ku usini anajua sauti ile ya konkasere isiyokuwa na kitu mu mdomo.

Sasa, mu ordinatere za miaka ile, kuko kitu kimoja cha kushangaza. Mashini zote mbili, konkasere na ile ya kupakia mawe, zinazungushwa na motere moja. Motere ile ni saa ya bus. Mu Q6600 inapiga megahezi 266. Prosesere inazidisha mara 9: 266 mara 9 ni karibu 2400, njo ile gigahezi 2,4. Na memwari nayo inachukua mbio yake ku motere ileile, lakini kwa gia ingine. Kwetu gia ilikuwa 3: 266 mara 3 ni 800, njo ile DDR2-800.

Kijana alipoweka 300 mu nafasi ya 266, aliangalia upande mmoja tu. 300 mara 9 ni 2700: prosesere ilikubali, na kwa Q6600 ile ni kazi ndogo. Lakini 300 mara 3 ni 900. Memwari iliyoandikwa 800 ikaanza kukimbia 900, na hakuna mutu aliyeiuliza. Haikuanguka siku ile. Ilifanya kazi, ikifanya makosa kidogo kidogo. Njo ubaya wake. Memwari inayokataa kabisa ni afadhali: ordinatere haiwaki, unajua kuko shida. Ile inayokubali nusu njo inakula dosye za watu.

Dawa ilikuwa gia

Kiisha kijana alituonyesha kitu kilichotushangaza zaidi. Aliweka saa ya bus ku 333, kupita hata mara ya kwanza. 333 mara 9 ni karibu 3000: prosesere sasa gigahezi 3. Lakini mara hii alishusha gia ya memwari kutoka 3 mpaka 2,4. 333 mara 2,4 ni 800. Memwari ikarudi ku mbio yake yenyewe. Tuliweka Memtest86+ tena usiku mzima: hata mstari mmoja mwekundu hakuna.

Fikirini vizuri. Prosesere inakimbia zaidi kuliko siku ya makosa, na makosa yameisha. Kumbe tulikuwa tunahukumu prosesere bure. Aliyekuwa anaumia ni mwingine, yule tusiyemwangalia.

Kuko pia gia ya 2, ile wanaita moja kwa moja, juu memwari inapiga sawa sawa na bus. 333 mara 2 inatoa karibu 667. Kwa hiyo hata mutu mwenye bareti za DDR2-667, za bei ya chini, anaweza kufikisha Q6600 ku gigahezi 3 bila kutesa memwari, kama prosesere, karti-mere na ubaridi vinaruhusu. Na mwenye DDR2-800 kwa gia ileile anaweza kupandisha bus mpaka 400. Lakini 400 mara 9 ni gigahezi 3,6, na pale si kila prosesere inakubali, na moto unakuwa mwingi.

Njo jibu la kwanza la ulizo ambalo vijana wanatupiga: mbio ya memwari inafanya nini kwa kupandisha mbio ya prosesere? Mu mashini za namna hii, memwari njo dari la nyumba. Ukifika ku mbio yake na gia imeisha kushuka, hauna tena njia ya kupanda, hata kama prosesere iko na nguvu.

Memwari ya mbio zaidi, inaleta faida?

Hapa wazazi musikilize, juu hapa njo feza inatoka. Kijana atasema: «Papa, ninunulie DDR2-1066, ordinatere itakuwa mbio.» Tuhesabu pamoja.

Bus ya Q6600, kwa mbio yake ya kawaida, inapitisha vipande milioni 1066 kila sekonde, kila kipande okteti 8. Inatoa karibu giga 8,5 kwa sekonde. Bareti mbili za DDR2-800 zikiwa mu nafasi zinazofanya kazi pamoja, zinaweza kutoa giga 12,8. Maana yake stoki inaweza kutoa mawe kupita yale konvoyere inabeba. Ukinunua stoki inayotoa zaidi tena, konvoyere ni ileile. Faida itakuwa ndogo, kwa kazi mingi hautaiona na macho.

Kwa hiyo mu mashini ya namna hii, memwari ya mbio inasaidia kwa jambo moja hasa: kukupa nafasi ya kupandisha bus. Kama haupandishi bus, usinunue. Kama ordinatere yako iko na giga 2 na inachoka ukifungua vitu vingi, nunua wingi wa memwari, siyo mbio. Na mbele ya kununua chochote, fungua kesi uone: bareti mbili ziko mu nafasi zinazoenda pamoja? Mara mingi zina rangi moja ku karti-mere. Tuliona ordinatere mu nyumba moja ambamo bareti zote mbili zimewekwa upande mmoja, na memwari inafanya kazi kwa njia moja mu nafasi ya mbili. Kuzihamisha hakukuomba hata franka.

Kuko namba ingine mu bareti, ile wanaita CL. Ni idadi ya mapigo memwari inangoja mbele ya kutoa kitu ulichoomba. Watu wanasema namba ndogo ni muzuri, na ni kweli, lakini lazima uihesabu pamoja na mbio. DDR2-800 ya CL5 inapiga kweli megahezi 400, juu ile namba 800 inahesabu mara mbili kwa kila pigo. Mapigo 5 ni nanosekonde 12,5. DDR2-667 ya CL5 ni nanosekonde 15. DDR4-3200 ya CL16, namba kubwa ya kuogopesha, ni nanosekonde 10 tu. Na DDR4-3600 ya CL18 ni 10 vilevile. Msidanganywe na namba moja peke yake. Ku mine tunajua: mutu anakuambia wingi wa safari za kamyo, wewe unauliza kila kamyo inabeba tani ngapi.

Zamani na leo

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesere ya bei ndogo, Celeron 300A. Bus yake ilikuwa megahezi 66, ikizidishwa mara 4,5: inatoa 300. Watu wakagundua wakiweka bus ku 100, inafika 450, mbio ya prosesere za bei kali. Lakini memwari ya wakati ule, ile ya kuandikwa PC66, ilikuwa inavutwa pamoja nayo mpaka 100. Mwenye bareti ya PC100 alifurahi. Mwenye PC66 mara mingi aliona ordinatere inakufa mu mikono, na akasema Celeron ni mbaya. Kosa letu sisi, wengine walilifanya mbele ya watoto wetu kuzaliwa.

Kiisha mafundi walibadilisha mpango. AMD mwaka 2003, na Intel mwaka 2008, waliingiza mlinzi wa memwari ndani ya prosesere yenyewe. Tangu mwaka 2011, mu prosesere mingi za Intel, saa ya chini imefungwa karibu na megahezi 100, haitaki kusukumwa sana. Mutu anapandisha namba ya kuzidisha, na ni kwa zile tu zilizofunguliwa, mara mingi zenye herufi K. Pale memwari haivutwi tena na kamba moja. Ukipandisha prosesere, memwari inabaki pahali pake.

Lakini mu Ryzen za AMD, zilizoanza mwaka 2017, mambo yakageuka tena. Ndani ya prosesere ile kuko njia inayounganisha vipande vyake, na njia ile inafuata mbio ya memwari. Memwari ikilala, prosesere yote inakuwa na shida ya kuongea na nafsi yake. Kwa zile za mwaka 2019, Ryzen 3000, kipimo kizuri ni DDR4-3600: memwari inapiga 1800, na njia ya ndani 1800, sawa sawa. Ukipanda mbali kupita pale, njia ya ndani inaachwa nyuma, na mangojeo yanaongezeka. Unanunua memwari ya bei kubwa kusudi ordinatere iwe pole. Mu mashini hizi njo memwari ya mbio inaleta faida ya kuonekana, lakini mpaka kipimo chake tu.

Na hapa kuko kitu cha bure kwa wenye ordinatere za leo. Bareti mingi zinazouzwa kama DDR4-3200 zinaanza kwa 2133 ama 2400, mpaka mutu aingie mu BIOS na kufungua mpango unaoitwa XMP. Wengi walilipa mbio ambayo hawajawahi kuitumia. Angalieni hiyo kwanza, mbele ya kutoa feza ingine. Kiisha kuifungua, lazima mupime memwari vilevile.

Moto na umeme

Mbio haiji bure. Kijana akiona prosesere haitulii, anaongeza volti. Moto wa prosesere unapanda na mbio, na unapanda na volti mara mbili yake kwa kuzidishwa. Mfano: mbio ikiongezeka kwa robo, na volti kwa sehemu moja ya kumi, 1,25 mara 1,1 mara 1,1 inatoa karibu 1,5. Maana yake moto umeongezeka nusu. Q6600 ni prosesere ya wati 95 ama 105 kufuatana na toleo. Ongeza nusu, uone. Na memwari DDR2 imetengenezwa kwa volti 1,8. Kuisukuma juu sana ili ikubali 1000 ama zaidi ni kuila maisha yake.

Huku kwetu mwezi wa kumi, mvua haijafika, chumba kiko na joto, na vumbi nyekundu inaingia kila pahali. Ventilatere iliyojaa vumbi haifanyi kazi. Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Yale mtu anafanya Ulaya mu chumba cha baridi, hapa uyapunguze. Safisha vumbi kwanza, badilisha ile dawa ya kati ya prosesere na chuma ya ubaridi, na weka stabilizatere, njo uanze kuongea juu ya mbio.

Tena tusisahau: ile chuma ya ubaridi mara mingi iko na shaba ndani. Na nyuzi ndogo ndani ya prosesere zenyewe ni za shaba, tangu IBM ilipotangaza mwaka 1997 namna ya kuitumia mu nafasi ya alumini. Tantali ya mu kolta iko mu vipande vidogo vya karti-mere. Mambo ya ordinatere si ya wageni peke yao. Jasho letu limo ndani, tuko na haki ya kujua namna inafanya kazi.

Mashauri yetu

Kwa kijana anayetaka kujaribu ku ordinatere yake: uandike ku karatasi namba zote za mwanzo. Shusha gia ya memwari kwanza, ikae chini ya mbio yake, njo upandishe bus kidogo kidogo. Hapo ukiona makosa, unajua ni prosesere ama karti-mere. Ukipata mbio ya prosesere, rudisha memwari juu mpaka kipimo kilichoandikwa juu yake, usipite. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na usiseme «inafanya kazi» mbele ya Memtest86+ kulala nayo usiku mmoja. Kufunguka kwa Windows si ushuhuda.

Kwa mzazi: ordinatere za biro za okazyo, zile za makampani makubwa, mara mingi BIOS yao haina hata pahali pa kubadilisha mbio. Kijana akisema anataka memwari ya mbio kwa mashini ile, mwambie akuonyeshe kwanza pahali pale mu BIOS. Kama hakuna, feza ikae mu mfuko.

Kwa wote wenye kazi ya watu mu mashini: dosye za wagonjwa, masomo, kanisa, sindika. Msipandishe mbio. Si juu haiwezekani. Tumeona inawezekana, gigahezi 3 safi. Sisi tulirudisha mashini yetu ku 266. Liste inachukua nafasi kidogo kufunguka, tunangoja. Tulichukua kitabu cha karatasi, tukahakikisha jina kwa jina, delege wawili wawili, mmoja anasoma na mwingine anaangalia. Tukakuta makosa mengine madogo, herufi ya jina hapa, tarehe kule. Kijana njo alikaa nasi mpaka mwisho, na sasa kila mwisho wa juma anatutolea kopi ku kle USB. Tunamshukuru. Kosa lilikuwa la wote, juu sisi wakubwa njo tuliruhusu bila kuuliza.

Mama yule, tulimrudishia karti yake na tukamsomea liste mara ya pili: kumi na tisa. Alisema, «Sasa muandike na ku karatasi.» Tukaandika mbele yake, akaweka kidole.

Na neno la mwisho, la sindika. Ku kazi tunaambiwa mara kwa mara: rendema ipande, tani ziongezeke. Wanaangalia konkasere, wanaangalia namba ya juu. Sisi tuulize daima: na yule anayeleta mawe, mbio yake ni ngapi? Hewa inatosha chini? Kaji ya kupandisha watu, ilipimwa lini? Juu mutu anayesukumwa kupita kipimo chake haanguki siku ya kwanza. Anaendelea kufanya kazi, anafanya makosa kidogo kidogo, na siku ya hasara wanamtafuta mwingine wa kuhukumu.